Wifi Anachungulia Mara Mbili

Mimi nalipwa kushuku watu. Wenzangu wanalipwa kufundisha, kushona, kung'oa meno. Mimi nalipwa kusimama nyuma ya meza nne za karata, mikono mgongoni, nikimtazama kila mtu kama aliyeficha kitu. Na mara nyingi ameficha. Kazi hii ya usimamizi wa kasino imeniharibu kiasi kwamba hata harusini siangalii bibi harusi, naangalia mikono ya anayegawa keki.

Nianze na mchezo wenyewe, maana bila kuujua hutaelewa kwa nini nilimshuku wifi yangu. Unaitwa blekjeki, ila sisi tulioko ndani tunasema tu ishirini na moja. Unacheza dhidi ya mgawaji, si dhidi ya jirani yako, kwa hiyo jirani akishinda usimnunie. Unaweka dau kwenye duara lililo mbele yako, unapewa karata mbili, wazi. Mgawaji naye anajipa mbili: moja wazi, moja kifudifudi. Karata za namba zinahesabiwa kwa namba zake, za picha zote ni kumi, na ree, ile yenye herufi A, ni moja au kumi na moja kadiri inavyokufaa. Kazi yako ni kuikaribia ishirini na moja bila kuivuka. Ukiivuka umepasuka, na dau lako linaondoka hapo hapo, hata kama mgawaji naye atapasuka baada yako. Hapo ndipo kasino inapokula, na watu hawaelewi hilo hata uwaimbie.

Ukitaka karata nyingine, gonga meza kwa kidole. Ukitosheka, punga kiganja juu ya karata zako. Usiseme kwa mdomo. Kamera za darini hazina masikio, na nimeshamwona mtu mzima mwenye suti akilia kwamba yeye hakuomba karata iliyompasua, wakati sote tulimsikia akipiga kelele "Niongeze, niongeze!"

Mgawaji yeye hana hiari. Akiwa na kumi na sita kushuka chini, lazima aongeze. Akifika kumi na saba, lazima asimame. Kwa hiyo siri nzima ya mchezo imelala kwenye ile karata moja iliyofunikwa. Anayeijua hiyo, amekula bila kunawa.

Sasa sikiliza na hili. Karata ya wazi ya mgawaji ikiwa kumi au picha, kabla ya kuendelea anainua pembe ya ile iliyofunikwa na kuchungulia kama ni ree. Ikiwa ree, amekwishapata ishirini na moja, anaifunua, anakusanya madau, tunaanza upya. Ikiwa siyo, anaishusha na kuendelea na wateja, uso mkavu. Ni jambo la kufumba na kufumbua, kama mpishi anayefunua chungu kuona kama maji yamechemka.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa mgawaji wa meza ya tatu. Mimi ndiye niliyempeleka pale. Kaka alikuwa fundi wa majokofu mpaka mgongo ulipomkatalia, na tangu hapo nyumba yote, yeye, mkewe na watoto watatu, ilikuwa inategemea vidole vya wifi. Nilimdhamini kwa meneja kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwenye biashara yetu mgawaji akikutwa na udanganyifu ananyang'anywa kibali na haguswi na kasino yoyote tena, na aliyemdhamini naye anaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Unaweza kuuliza kwa nini mtu amsimamie ndugu yake. Nilimuuliza meneja hivyo hivyo.

"Ungekuwa dada yake wa tumbo moja nisingekubali," akasema. "Lakini wewe ni wifi yake. Tangu lini wifi akamficha wifi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ni kweli.

Soksi alianza kuja majira ya mvua. Jina lake hatukulijua. Tulimwita Soksi kwa sababu alivaa sandali na soksi za kijivu, shati limechomekwa vizuri, mzee wa watu ungesema anatoka kuchukua pensheni. Alikuja mchana, saa ambayo kasino ina watu wachache na mashine zinaimba peke yake. Aliagiza soda ya tangawizi moja, akainywa kama dawa. Na hakukaa meza nyingine yoyote. Kama wifi hayupo zamu, alizunguka, akasoma matangazo ukutani kama vile ni gazeti, akaenda zake.

Hilo la kwanza. La pili, alishinda. Si ushindi wa kelele, wa kurushana mikono hewani. Alishinda kidogo kidogo, kila alipokuja, akabadilisha tokeni zake, vile vibao vya kuwekea dau, kwa pesa na kuondoka huku amemwinamia wifi kichwa kwa heshima. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Wapiga kelele mimi hawanisumbui, wanaonisumbua ni wale wanaoshukuru.

Siku moja nikaacha kazi nyingine zote nikasimama nyuma yake kidogo, upande ambao hanioni. Alikuwa na kumi na tano. Wifi alikuwa na mfalme wazi. Mtu yeyote aliyefundishwa mchezo huu, mwenye kumi na tano mbele ya kumi ya mgawaji, anagonga meza huku roho iko mkononi, maana mgawaji pengine ana ishirini. Soksi akapunga kiganja. Hataki. Wifi akafunua: chini kulikuwa na nne. Kumi na nne. Lazima aongeze. Akavuta tisa, akapasuka. Soksi akapokea tokeni zake.

Bahati, nikajiambia. Haikupita muda, akapata tena kumi na tano, wifi akiwa na kumi wazi. Safari hii akagonga meza bila kusita, akapewa tano, akatulia na ishirini yake. Wifi akafunua: chini kulikuwa na tisa. Angebaki na kumi na tano angekwisha.

Hali ile ile, mkono ule ule, na maamuzi mawili tofauti, yote sahihi. Damu ilinichemka. Yule mzee alikuwa anajua kilichofunikwa, na chini ya paa lile mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anakichungulia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuanzia hapo nikawa simtazami Soksi, namtazama wifi. Nilitafuta ishara. Wagawaji walaghai nimewashika wengi: yuko aliyekuwa anakohoa, yuko aliyekuwa anapanga tokeni kwa namna fulani, yuko mmoja alikuwa na nywele za bandia anazikuna upande wa kulia kwa kubwa na wa kushoto kwa ndogo, tulimshika kwa sababu siku hiyo alikuja amenyoa. Wifi hakukohoa wala kujikuna. Lakini siku ya tatu nikaiona. Alichungulia karata, akainua uso kuelekea kwa Soksi, akakaza jicho moja. Akamkonyeza! Mbele yangu, mbele ya kamera, mke wa kaka yangu anamkonyeza mwanamume mwenye soksi za kijivu.

Sasa nikawa na mashaka mawili, la karata na la ndoa. Ukiniuliza lipi lilinikereketa zaidi, sitakudanganya, ni la ndoa. Kaka yangu amelala chali kwenye godoro la chini, anasoma gazeti la wiki iliyopita, kumbe huku mkewe anakonyeza.

Nilimngoja Soksi mlangoni kwenye zulia.

"Mzee, umependa sana meza ya tatu," nikasema.

"Ina mwanga mzuri," akanijibu.

"Meza zote taa ni zile zile."

Akatabasamu. Meno yake yalikuwa mazuri kupita umri wake, hilo nalo nikaliweka akilini. "Mama, mimi natazama tu. Na wewe si unalipwa kutazama? Sasa tukitazama kitu kimoja, mmoja akaona na mwingine asione, kosa ni la nani?"

Akaniinamia kichwa, akatoka. Nilibaki pale nimeshika kiuno. Niliona ananidhihaki, na alikuwa ananidhihaki kweli, ila sikujua ni kwa kiasi gani.

Jumapili nikaenda kwa kaka. Nilijifanya nimepita tu, nikabeba maembe ya kuzugia. Wifi alinipokea vizuri, tena vizuri mno, karibu wifi, keti wifi, umekonda wifi. Akaleta chai. Nikampiga jicho huku nikisema taratibu, "Kuna mteja mmoja pale kazini, yule wa sandali. Naona mmezoeana."

Alikuwa anamimina. Chai ikapita nje ya kikombe, ikajaa kwenye kisosi, ikaanza kutiririka mezani, na yeye bado anamimina.

"Wifi! Chai!"

"Eh, maskini mimi." Akachukua kitambaa. "Mteja gani? Ah, yule mzee. Ana adabu yule."

Adabu. Nilimtazama kaka. Kaka alikuwa anapambana na embe. Wanaume bwana, nyumba inaungua yeye anatafuta kisu cha matunda.

Wifi alipoingia jikoni nilimsogelea kaka. "Kaka, mkeo siku zake za mapumziko anakwenda wapi?"

"Kwenye kikundi cha kina mama. Kwani vipi?"

"Umewahi kukiona hicho kikundi?"

Akaacha kutafuna. Aliniangalia kwa muda, halafu akaangalia mlango wa jikoni, na nikajua kwamba mbegu imeingia. Sikufurahi. Lakini sikuiondoa.

Siku yake ya mapumziko iliyofuata nikaomba ruhusa, nikajifunga mtandio mpaka puani, nikamfuata. Alitembea polepole, karibu na ukuta, kama mtu asiyetaka kuonekana. Kwenye kuvuka barabara alisubiri mpaka watu wengine wavuke ndipo akaingia katikati yao. Nikasema, huyu ni mzoefu. Akaingia jengo la ghorofa nne ambalo juu lina vyumba vya kulala wageni na chini lina duka la dawa, fundi saa na ofisi mbili tatu zenye mapazia mazito. Nilikaa ng'ambo, kwa muuza magazeti, mpaka nikawa nimesoma vichwa vya habari vyote na muuzaji amechoka kunikodolea.

Alipotoka, macho yalikuwa mekundu kama aliyelia. Nikashusha mtandio kwa makusudi na kumwendea uso kwa uso, nione atajificha wapi. Alinitazama. Naapa alinitazama usoni, kati yetu hapakuwa na zaidi ya hatua chache, na akanipita kama ninavyoipita nguzo ya umeme. Wala salamu. Nilihisi nimepigwa kofi. Miaka yote tunayoitana wifi, na leo ananikana barabarani!

Nilikwenda kwa meneja asubuhi iliyofuata. Usinione mbaya. Bwana Jicho, yule anayekaa ghorofani na kamera, alikuwa ameshaanza kuuliza habari za Soksi, na nilijua akilisema yeye kwanza, mimi na wifi tungeonekana pacha. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nikasema yote: karata, kumkonyeza, soda ya tangawizi. La nyumba ya wageni nikalimeza, hilo lilikuwa la familia.

Walituita mchana huo huo kwenye chumba cha kamera. Ni chumba chembamba, cha baridi, ukuta mmoja wote ni skrini, na kina viti viwili tu, kwa hiyo mimi na wifi tulisimama. Wifi alikuwa na sare yake, kizibao cheusi cha vifungo na tai ya kipepeo, mikono imefumbatwa mbele. Hakunitazama. Jicho alikuwa amekusanya picha za wiki tatu za Soksi.

"Nimemtazama huyu mzee mpaka nimemwota," Jicho akasema. "Hagusi chochote. Hana kifaa sikioni. Hahesabu karata kwa midomo. Anachofanya ni kushinda tu."

"Na yeye?" meneja akauliza, akimwonyesha wifi kwa kalamu.

"Uso tumeukuza kila pembe. Huko kukonyeza ninakoambiwa, mimi naona mtu amekunja jicho kwa sababu ya taa. Haitoshi kumtia mtu kitanzi."

Meneja akamgeukia wifi. "Unamfahamu huyu mzee nje ya hapa?"

"Hapana, bosi."

"Unampa ishara?"

"Hapana, bosi. Naapa kwa watoto wangu."

Meneja akapumua. Si mtu mbaya, ana watoto naye, na aliichukia kazi ile ya siku ile. "Sina ushahidi," akasema. "Siwezi kumfukuza mtu kwa maneno ya wifi yake. Mpumzisheni meza ya tatu. Aende dirishani akapokee makoti na kugawa soda kwa miezi miwili, huyo mzee achoke kumtafuta, halafu tutaona."

Wifi akafumba macho na kuyafumbua. Nilimwona mabega yakishuka, pumzi ikitoka. Nilidhani ni pumzi ya mwizi aliyeponea tundu la sindano, na roho ikaniuma, nikasogea mbele ya skrini mwenyewe.

"Rudisha nyuma," nikamwambia Jicho. "Usimwonyeshe mzee. Onyesha mikono ya wifi, kuanzia anapochungulia."

Jicho akarudisha. Ile ya kumi na tano ya kwanza. Mfalme wazi. Wifi anainua pembe ya karata, anashusha. Halafu, kabla kidole hakijaondoka, anaiinua tena, na kuinama kidogo. Anashusha. Soksi anapunga kiganja. Karata inafunuliwa: nne.

"Nyingine," nikasema.

Kumi wazi. Anainua mara moja, anashusha. Soksi anagonga meza. Inafunuliwa: tisa.

"Nyingine."

Malkia wazi. Anainua, anashusha, anainua tena. Soksi anapunga. Nne ya kopa.

Tuliangalia nyingi. Kila alipochungulia mara moja, chini kulikuwa na karata nyingine yoyote. Kila alipochungulia mara mbili, na mchezo ukaendelea, chini kulikuwa na nne. Chukua karata ya ree na ya nne uzishike mbali kidogo, ufunike nusu, uone pembe tu. Ile A na ile 4 zina mkwaju wa kushuka na kistari cha kukatiza. Mtu mwenye macho mazima anazitofautisha bila kujua kwamba anatofautisha. Mtu mwenye macho mabovu lazima arudie, ahakikishe kwamba haachi ree ikapita. Na mzee wa soksi, kwa utulivu wake na soda yake, alikuwa ameliona hilo kabla yetu sote. Wifi akirudia kuchungulia, Soksi anajua chini kuna nne, anajua mgawaji ana kumi na nne na lazima aongeze, anakaa kando anangoja apasuke.

Sijui nikueleze vipi furaha niliyoipata. Wiki nzima nilikuwa nimebeba gunia la mawe kichwani na sasa limedondoka. Hakukonyeza mtu, alikuwa anakaza jicho apate kuona. Chai ilimwagika kwa sababu hakuiona. Barabarani hakunikana, hakunitambua! Wifi yangu si mwizi wala mzinzi, kaka yangu hajadhalilishwa, na mimi niliyemdhamini sikukosea. Nilipiga mikono.

"Si mwizi!" nikasema kwa sauti ambayo nadhani mpaka mashine za chini ziliisikia. "Bosi, huyu si mwizi hata kidogo! Haoni! Wifi haoni vizuri, ndiyo habari yote!"

Nikageuka kumtazama nikiwa natabasamu meno yote nje. Wifi alikuwa amenyanyua kiganja kifuani, vidole vimetanuka, akinizuia, na nadhani alikuwa amekinyanyua kwa muda.

Jicho akakohoa, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Meneja akachukua karata moja kwenye rundo la mezani, taratibu, akainyanyua mbele yake. Kutoka pale hadi aliposimama wifi ni kama upana wa kitanda.

"Dada, hii ni nini?" akauliza kwa upole.

Wifi akaitazama. Akakaza jicho, akalegeza. "Nyekundu," akasema. "Ree ya kopa."

Ilikuwa nne ya uru.

"Umeanza lini?"

"Mwaka jana, bosi. Ni presha ya macho. Miwani haisaidii."

Meneja aliiweka karata mezani na kuilainisha kwa kidole kama vile ilikuwa imekunjamana. Akasema kwamba anasikitika. Akasema angekuwa ameambiwa faraghani pengine angeona la kufanya, lakini limesemwa na msimamizi, kwenye kikao, mbele ya mtu wa kamera, na kibali cha mgawaji kinadai macho yaliyopimwa. Hawezi kuyarudisha maneno kinywani mwangu. Na wa dirishani pia lazima asome namba za makoti. Atamwandikia barua nzuri sana ya shukrani.

"Asante, bosi," wifi akasema.

Nilimfuata mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa anahangaika na kishikizo cha ile tai, vidole vinakitafuta shingoni. Nilitaka kumsaidia, akasogea.

"Wifi," nikasema, "angalau jina lako limesafishwa."

"Umenisafisha mpaka nimekwisha." Hakupandisha sauti. "Wizi walikuwa hawana ushahidi nao. Ulisikia mwenyewe, miezi miwili nagawa soda, halafu tutaona. Ni hiyo miezi miwili niliyokuwa naitaka, wifi. Operesheni ni mwezi ujao. Daktari wa macho ninayemwendea siku za mapumziko, chini ya nyumba moja ya wageni, alishaniandikia hospitali, na bima inayolipa ni ya hapa kazini. Leo jioni bima imekufa."

Nikasema neno la kijinga kuliko yote, "Si ungeniambia?"

"Nikuambie wewe?" Alicheka kidogo, bila uchungu, na hilo ndilo lililonichoma. "Nilijua unanichunguza, hata kipofu angejua. Unapumua kwa nguvu ukishuku. Ulipomtaja yule mzee siku ya chai, nilimshukuru Mungu. Nikasema, mwache afikirie mwanamume. Mtu anayetafuta mwizi hatafuti mgonjwa. Sikujua kwamba ungenipenda ghafla namna ile, mbele ya bosi."

Akakunja sare yake vizuri, akaiweka kwenye kabati, akafunga mlango wake na kuupapasa kuhakikisha umefungika. Akaniuliza kama nimemwambia kaka lolote. Nikasema nimeuliza tu habari za kikundi cha kina mama. Akatikisa kichwa, kama mtu anayeongeza mzigo mmoja zaidi juu ya mingine, akisema basi jioni hii ana mawili ya kumweleza.

Tulitoka kwa mlango wa wafanyakazi. Nje jua lilikuwa kali, lile la mchana linalopiga saruji mpaka inang'aa, na kutoka mlangoni kuna ngazi za kushuka hadi uwanjani, zote nyeupe, hazina kishikio. Wifi akasimama kwenye ya juu kabisa. Akanyoosha mkono, akanishika mkono wangu, akaukaza. Machozi yalinitoka papo hapo. Nikasema moyoni, amenisamehe, damu ni damu hata ikiwa ya kuolewa, nikaufunika mkono wake kwa mkono wangu mwingine na kuanza kutafuta maneno ya kumwomba radhi.

"Wifi," akasema, akitazama mbele mahali ambapo hapakuwa na kitu, "niambie ngazi zikiisha nikuachie."